Bodi za leseni za spichi na masikio Marekani: nani anaziendesha na wewe unaingilia wapi (mwongozo kamili)

Wengi wetu tunaoishi Marekani tunakutana na hawa wataalamu bila kujua wanasimamiwa na nani. Mtoto anachelewa kuongea, daktari anakutuma kwa mtaalamu wa spichi. Au mzazi amekuja kukaa na wewe, hasikii vizuri, mnaenda kupima masikio mnatoka na mashine mbili za kusikia za dola elfu kadhaa. Mambo yakienda vizuri hamna shida. Yakiharibika ndo watu wanaanza kuulizana kwenye grupu la WhatsApp jamani hawa watu mtu anawashtaki wapi, na majibu mengi yanayokuja ni ya kubahatisha, mmoja anasema mahakamani, mwingine polisi, mwingine anasema achana nao tu utapoteza muda.

Pa kwenda ni bodi ya leseni ya jimbo lako. Kila jimbo Marekani linasimamia wataalamu wa spichi na wa odiolojia (hawa wanaopima na kutibu kusikia), na majimbo mengi yanawasimamia pia wauzaji na wafungaji wa mashine za kusikia. Nachotaka kukisema kwa nguvu toka mwanzo ni kwamba bodi imewekwa kwa ajili yako wewe unayetibiwa. California wameandika kabisa kwenye sheria kwamba kulinda wananchi ndo jambo la kwanza kwa bodi, na pale maslahi mengine yanapogongana na hilo, wananchi ndo wanatangulia. Na milango yake iko wazi kuliko ofisi nyingi za serikali. Tatizo wanaoingia kwenye hiyo milango ni wenye leseni, vyama vyao na mawakili wao, sisi tunaohudumiwa hatuonekani, na kwa sisi wenye watoto wa lugha mbili au wazee wasiojua Kiingereza hiyo inatuumiza zaidi.

Nitatumia California sana kama mfano kwa sababu mambo yake yameandikwa kwa kina, halafu Texas, New York na Ohio kwa sababu wao wamejipanga tofauti.

Hatua ya 1: usichanganye bodi na taasisi nyingine

Kwanza kwa nini ni jimbo, kwa nini serikali kuu haina leseni moja ya nchi nzima? Ni kwa sababu mamlaka ya kulinda afya ya watu kule yako kwa majimbo. Mwaka 1889 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya daktari mmoja wa West Virginia aliyekataa masharti ya leseni, mahakama ikasema jimbo lina haki ya kudai mtu awe na sifa kabla hajagusa wagonjwa. Tangu hapo msingi haujabadilika, ndo maana leseni ya Texas haikupi ruhusa ya kufanya kazi Ohio.

Sasa kuna taasisi tatu watu wanazichanganya na bodi. Ya kwanza ni ASHA. Hiki ni chama cha kitaaluma, cha binafsi, kilianza 1925, makao yake Rockville, Maryland. Kinatoa cheti, utakiona kwenye herufi za CCC baada ya jina la mtu. Cheti ni kizuri na waajiri wengi wanakitaka, ila sio leseni. Mtu anaweza akawa na CCC na leseni yake ya jimbo imesimamishwa. ASHA inaweza kumnyang'anya cheti chake lakini haiwezi kumzuia kufanya kazi, anayeweza hilo ni jimbo.

Ya pili ni mambo ya shule. Mtaalamu wa spichi anayefanya kazi shule ya serikali mara nyingi anasimamiwa na upande wa elimu. California kwa mfano kuna tume ya vibali vya walimu ambayo inatoa kibali cha huduma za spichi shuleni. Kwa hiyo kama mtoto wako ameandikiwa dakika za spichi kwenye mpango wake wa elimu maalumu na shule haimpi, hilo ni lalamiko la kupeleka idara ya elimu ya jimbo, bodi ya leseni itakurudisha tu. Lakini kama mtaalamu mwenyewe ameghushi ripoti au amefanya kazi ovyo, hapo angalia ana nini mkononi, leseni, kibali cha elimu au vyote viwili, na upeleke kote kunakohusika.

Ya tatu ni FDA, mamlaka ya serikali kuu inayosimamia chakula, dawa na vifaa tiba. Tangu tarehe 17 Oktoba 2022 mtu mzima wa miaka 18 na kuendelea anayehisi kusikia kwake kumepungua kidogo au kiasi anaweza kununua mashine dukani bila kupimwa na bila kupitia mwenye leseni. Hiyo kanuni ilitoka FDA na majimbo hayaruhusiwi kuizuia, bodi zikalazimika kupanga upya kanuni zake kuifuata. Kwa hiyo ukinunua mashine ya dukani ikaharibika usiilaumu bodi, sio yake. Bodi inabaki na mashine za kuandikiwa, yaani za watoto na za wenye upungufu mkubwa, na watu wenye leseni wanaozipima na kuzifunga.

Hatua ya 2: jua bodi yako ni ya aina gani

Hapa ndo watu wanapotea, wanaandika barua kwa watu ambao hawana uamuzi wowote. Andika kwenye Google jina la jimbo lako na maneno "speech language pathology audiology board", fungua tovuti ya serikali tu, halafu tafuta jibu la swali moja: nani anapiga kura ya mwisho?

California bodi yenyewe ndo inaamua. Inaitwa Speech-Language Pathology and Audiology and Hearing Aid Dispensers Board, iko Sacramento. Zamani vilikuwa vitu viwili, bodi ya spichi na odiolojia peke yake na ofisi ya wauza mashine peke yake, vikaunganishwa kuanzia Januari 2010. Ipo ndani ya idara kubwa ya kulinda watumiaji ambayo inaisaidia kompyuta, wachunguzi na mambo ya ajira, lakini kanuni na adhabu inapiga kura yenyewe.

Texas ni tofauti kabisa. Walikuwa na bodi yao, ila sheria ya 2015 ikahamisha kila kitu, na mwaka 2016 ikaingia chini ya idara ya leseni inayoitwa TDLR, hiyo hiyo inayosimamia mafundi umeme na vinyozi. Waliobaki na jina la bodi siku hizi ni bodi ya ushauri. Wanapendekeza, wanajadili, ila kura ya mwisho ya kanuni iko kwa tume ya watu saba walioteuliwa na gavana, na hao saba wote ni wananchi wa kawaida. Kwa hiyo ukiwa Houston ukaongea kwenye bodi ya ushauri umefanya vizuri, maana ndo mahali wataalamu wanasikiliza, lakini kama hujapeleka neno lako mpaka kwenye tume hujafika kwa mwenye uamuzi.

New York leseni zote za namna hii, za wauguzi mpaka wahandisi, ziko chini ya idara ya elimu na baraza la Regents, watu 17 wanaochaguliwa na bunge la jimbo. Bodi ya spichi na odiolojia ipo, inateuliwa na hao Regents, kazi yake ni kushauri na kusaidia kwenye mambo ya nidhamu. Adhabu ya mwisho wanaitoa Regents.

Ohio wameunganisha kama California, bodi ya spichi na odiolojia pamoja na bodi ya wauza mashine zikawa kitu kimoja Januari 2018, Ohio Speech and Hearing Professionals Board, ofisi ziko Columbus. Inaamua yenyewe lakini kanuni zake zinapita kwenye macho mengi, nitaeleza chini.

Ukishajua aina ya bodi yako, asilimia kubwa ya kazi imeisha, kwa sababu unajua barua yako iende kwa nani.

Hatua ya 3: soma viti

Fungua ukurasa wa wajumbe. Usisome majina kwanza, soma nafasi. California viti ni tisa: wawili wa spichi, wawili wa odiolojia, wawili wauza mashine, na watatu wanaohesabiwa upande wa umma, ila mmoja wa hao watatu lazima awe daktari bingwa wa masikio pua na koo. Kwa hiyo wananchi wa kawaida kabisa wanabaki wawili, na hao hawateuliwi na gavana, mmoja anawekwa na kamati ya Seneti ya jimbo na mwingine na spika wa bunge. Imefanywa makusudi, ili viti vyote visitoke mkono mmoja. Muhula ni miaka minne na mtu haruhusiwi kukaa zaidi ya mihula miwili mfululizo.

Piga hesabu mwenyewe, sita kati ya tisa wana leseni ya fani wanayoisimamia. Kuna sababu nzuri ya hilo, huwezi kuamua kama mtu amemfunga mgonjwa mashine vibaya bila mtu anayejua kufunga mashine. Ila kuna hatari yake pia na hiyo hatari ilifika Mahakama Kuu. North Carolina bodi ya meno, iliyojaa madaktari wa meno, iliwaandikia barua watu waliokuwa wanang'arisha meno madukani kwa bei ya chini ikawaambia waache. Mamlaka ya serikali kuu ya ushindani wa biashara ikaishtaki bodi, na mwaka 2015 Mahakama Kuu ikaamua kwa kura sita kwa tatu kwamba bodi iliyotawaliwa na watu wanaofanya biashara hiyo hiyo haina kinga dhidi ya sheria za ushindani mpaka jimbo lenyewe liwe linaisimamia kwa vitendo.

Hiyo kesi ni ya meno lakini iligusa kila bodi nchini. Ukiona bodi ya spichi na masikio inapitisha kanuni inayosema kazi fulani ifanywe na wenye leseni yetu tu, jiulize ni kwa usalama wa mgonjwa au ni kwa kulinda soko. Jibu linaweza kuwa usalama kweli. Kumwekea mtoto wa miezi minne mashine sio kazi ya kila mtu. Lakini swali lazima liulizwe na mtu asiyepata hela kwenye hilo soko, na ndo kazi ya viti vya wananchi, na ndo maana kiti cha mwananchi kikikaa wazi muda mrefu mimi nalichukulia kama jambo zito. Angalia tovuti, ukiona neno "vacant" kwenye kiti cha umma andika hilo pembeni, tutalirudia.

Mtu mwingine wa kumjua ni mkurugenzi mtendaji. Huyu hapigi kura, ameajiriwa, lakini ndo yupo ofisini kila siku. Wajumbe wana kazi zao nyingine, wanakutana mara chache kwa mwaka. Barua zako zinafika kwake kwanza na ajenda anaiandaa yeye pamoja na mwenyekiti.

Hatua ya 4: tofautisha sheria na kanuni

Sheria inatungwa na bunge la jimbo, inasema mambo makubwa: nani anahitaji leseni, bodi ina watu wangapi, makosa gani yanaadhibiwa. Kanuni zinatungwa na bodi ndani ya mipaka ya sheria, zinasema mambo ya kila siku: msaidizi asimamiwe kiasi gani, masaa mangapi ya kujiendeleza, ada gani. Ukitaka kubadilisha sheria unamtafuta mbunge wako wa jimbo. Ukitaka kubadilisha kanuni unaenda bodi, na hapa una nguvu kuliko unavyodhani.

California bodi ikitaka kubadilisha kanuni lazima itangaze na itoe siku 45 za kupokea maoni ya maandishi ya mtu yeyote. Ikirekebisha maneno baada ya kusoma maoni, inatoa siku nyingine 15. Na hii ndo sehemu tamu, kila maoni yanayohusu pendekezo lazima yajibiwe kwa maandishi kwenye faili, kwa nini wameyakubali au wameyakataa. Halafu faili lote linaenda ofisi nyingine ya serikali inayokagua kanuni za idara zote, na wakikuta bodi haijajibu maoni wanaweza kulirudisha. Kwa hiyo barua yako ya ukurasa mmoja haitupwi kapuni, mtu analazimika kukaa chini aijibu.

Texas pendekezo linachapishwa kwenye gazeti la serikali linalotoka kila Ijumaa, Texas Register, na hawaruhusiwi kulipitisha kabla ya siku 30. Ohio kanuni inayogusa biashara inapita kwanza kwenye ofisi iliyo chini ya naibu gavana, inayouliza kama mzigo wake unalingana na faida yake, halafu inaenda kamati ya wabunge inayoitwa JCARR. Na kila kanuni Ohio lazima ipitiwe upya angalau mara moja kila miaka mitano, kwa hiyo hata kanuni ya zamani inayokukera itapita mezani tena, fuatilia tarehe yake.

Maoni yenyewe yaandike hivi: taja namba ya kifungu, sema unataka kibaki, kibadilike au kifutwe, toa sababu kwa mfano halisi wa familia yako au wa watu unaowahudumia, na kama unaweza andika maneno mbadala unayotaka yawekwe. Barua zinazosema tu "tunapinga" nazo zinajibiwa, ila zinajibiwa kwa sentensi moja.

Hatua ya 5: ingia kwenye kikao

Hii ndo hatua watu wanaiogopa na ndo rahisi kuliko zote. Kila jimbo lina sheria ya mikutano ya wazi. Ya California inaitwa Bagley-Keene, na inataka ajenda itangazwe siku 10 kabla. Jiandikishe kwenye orodha ya barua pepe ya bodi ili ajenda ije yenyewe, ni bure na haitaki uwe na leseni.

Ikija, soma ajenda na viambatanisho vyake, vile vifurushi vya kurasa nyingi wanavyoviita "materials". Mambo yote yapo humo: takwimu za maombi ya leseni, wamekaa muda gani bila kujibiwa, malalamiko mangapi yamefunguliwa na mangapi yamefungwa, hali ya fedha. Mimi naanza na ukurasa wa malalamiko kila mara kwa sababu unaonyesha bodi inafanya kazi au inasuasua.

Kikaoni hawaruhusiwi kukulazimisha uandike jina lako ili uingie. Kila jambo kwenye ajenda lazima wakupe nafasi ya kuongea kabla au wakati wa kulijadili, na kuna nafasi ya mwananchi kuongelea jambo lisilo kwenye ajenda, ila hilo hawawezi kulifanyia uamuzi siku hiyo, wanaweza tu kukubali kuliweka kwenye ajenda ya mbele. Wakiweka dakika mbili kwa mtu, wewe unayetumia mkalimani unapewa angalau mara mbili yake. Hiyo ipo kwenye sheria. Mama yako anaweza kuongea Kiswahili pale, ukamtafsiria, na muda wake hauliwi na tafsiri. Waambie mwanzoni tu kwamba kuna mkalimani.

Usije na kesi yako kwenye kikao cha wazi. Hapa nasisitiza kwa sababu watu wanaharibu bila kujua. Wajumbe ndo watakaopiga kura kama mtaalamu wako atashtakiwa, wakisikia hadithi yako nje ya utaratibu wanaweza kulazimika kujitoa kwenye shauri. Ongea juu ya tatizo lenyewe, mfano wazee wasiojua Kiingereza wanasainishwa mikataba ya mashine bila kueleweshwa, usitaje jina la mtu. Jina linaenda kwenye fomu ya malalamiko.

Wataingia pia kikao cha faragha, usione ni njama, sheria inawaruhusu kujadili hukumu za nidhamu kwa siri. Wakirudi angalia kumbukumbu za kikao, nani alipiga kura gani inaandikwa.

Hatua ya 6: malalamiko, kuanzia fomu mpaka uamuzi

Kabla ya fomu, hakiki leseni. California kuna ukurasa wa kutafuta leseni wa idara ya watumiaji, Ohio kuna eLicense, na karibu kila jimbo lina wake. Andika jina, angalia kama leseni iko hai, na kama kuna hati za nidhamu zifungue uzisome. Kwa kweli hii ifanyike kabla hata hujampeleka mtoto, inachukua dakika chache.

Halafu kusanya karatasi: mkataba, risiti, matokeo ya vipimo, ripoti, meseji. Andika matukio kwa mpangilio wa tarehe, nini kilitokea, nani alisema nini, bila matusi. Bodi itakuomba usaini ruhusa ya kupata faili lako la matibabu, saini, bila hiyo uchunguzi unakwama. Unaweza kulalamika bila jina ila mara nyingi hawafiki mbali kwa sababu hawana mgonjwa wa kumuuliza.

Makosa ya kupeleka bodi ni kama kufanya kazi bila leseni, kutoza bima vipindi ambavyo havikufanyika, kumwacha msaidizi afanye kazi peke yake kinyume na kanuni, matangazo ya uongo, uzembe. Na hili la lugha: sheria ya serikali kuu ya elimu maalumu inataka mtoto apimwe kwa lugha na namna itakayotoa picha sahihi ya anachoweza. Mtoto anayeongea Kiswahili nyumbani kuchanganya l na r anapoongea Kiingereza, hilo peke yake sio ugonjwa wa spichi, na mtaalamu aliyempima kwa kipimo cha Kiingereza tu akamwandikia ulemavu bila hata kuuliza nyumbani mnaongea nini, huo upimaji una haki ya kuhojiwa. Kama ni shuleni anza na shule na idara ya elimu. Kama ni kliniki ya binafsi, uandike kwenye fomu ya bodi, na useme wazi kipimo gani kilitumika.

Baada ya fomu, wafanyakazi wa bodi wanaangalia kama jambo ni la kwao. Likiwa la kwao linachunguzwa, mara nyingi mtaalamu wa nje anaombwa asome faili. Kosa dogo California linaweza kuishia kwa faini isiyozidi dola 5,000. Kosa kubwa linaenda kwa ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo, inaandikwa hati ya mashtaka, na hiyo ikishafunguliwa ni ya umma. Wanaweza kumalizana kwa makubaliano, au linaenda kwa jaji wa utawala ambaye sio mtu wa bodi. Jaji anapendekeza, bodi ndo inapokea, inapunguza adhabu, au inalikataa na kuamua yenyewe baada ya kusoma rekodi. Kiwango cha ushahidi ni cha juu kuliko kesi ya madai ya kawaida kwa sababu riziki ya mtu iko hatarini. Ohio mtaalamu akipelekewa barua ya mashtaka ana siku 30 za kuomba asikilizwe, asipoomba bodi inaendelea bila yeye.

Itachukua miezi, kesi nzito zaidi ya mwaka. Na bodi kazi yake ni leseni, kukurudishia hela sio kazi yake kuu. Hela ina njia yake: California mashine ya kusikia ina haki ya kurudishwa ndani ya siku 45 chini ya sheria ya udhamini wa bidhaa, kwa hiyo siku 45 zisikupite ukisubiri barua ya bodi. Fanya vyote kwa pamoja, rudisha mashine kwa maandishi, na kama wanakataa kuna mahakama ya madai madogo ambako huhitaji wakili.

Hatua ya 7: hela, uhai wa bodi, na mkataba wa majimbo

Hela nitapita haraka. Bodi kama ya California haiendeshwi na kodi, inaendeshwa na ada za wenye leseni. Ndo maana ada ikipanda vyama vinalalamika, na ndo maana mfuko ukipungua uchunguzi unapungua kasi. Ukisikia mjadala wa ada usiupuuze, huo ni mjadala wa malalamiko yako yatachunguzwa na watu wangapi.

Bodi nyingi pia zina tarehe ya kufa kwenye sheria. California kamati za Seneti na Bunge zinaikagua bodi kila baada ya miaka kadhaa, kawaida minne, bodi inaandika ripoti ndefu kujitetea na wananchi wanaruhusiwa kutoa ushahidi. Bunge lisipoongeza muda bodi inavunjwa na kazi inaenda idarani. Huo ndo wakati ambao bodi inasikiliza kuliko wakati mwingine wowote, kama mna jumuiya yenu pelekeni barua kipindi hicho.

Halafu kuna mkataba wa majimbo, unaitwa ASLP-IC, ulioanza nguvu baada ya majimbo 10 kuupitisha mwaka 2021, sasa wamepita 30. Unamruhusu mtaalamu wa jimbo moja mwanachama kupata ruhusa ya kufanya kazi kwenye jimbo lingine mwanachama bila kuanza upya. Unaendeshwa na tume yenye wajumbe wawili kutoka kila jimbo, mmoja wa spichi mmoja wa odiolojia. Kwa sisi una faida kubwa, mtaalamu mmoja anayejua Kiswahili aliyepo jimbo moja anaweza kumhudumia kwa video mtoto wa jimbo lingine. Ila kabla ya kipindi cha kwanza hakiki majimbo yote mawili, la kwake na la mtoto alipo, kwa sababu anayehudumia kwa video anafuata sheria za jimbo alipokaa mgonjwa.

Hatua ya 8: kiti chenyewe

Turudi kwenye neno "vacant". Kiti cha mwananchi hakihitaji digrii ya spichi, kinataka kinyume chake, usiwe na leseni ya fani hiyo na usiwe na maslahi ya kifedha ndani yake. Mzazi wa mtoto aliyepita kwenye tiba, mtu anayetumia mashine za kusikia mwenyewe, mkalimani wa hospitali, hao ndo watu ambao sauti yao inakosekana mezani.

California tangu Januari 2020 mkazi yeyote wa jimbo mwenye miaka 18 na kuendelea anaweza kuteuliwa kwenye bodi bila kujali ni raia au hana karatasi ya uraia. Majimbo mengine masharti ni tofauti, soma ya kwako kwanza. Omba kwa aliye na mamlaka ya kiti hicho, na hapa ndo zile hatua ya pili na ya tatu zinalipa: California kiti cha umma unaomba ofisi ya spika au kamati ya Seneti, ukipeleka kwa gavana umekosea mlango. Texas tume inateuliwa na gavana, ila wajumbe wa bodi ya ushauri wanateuliwa na mwenyekiti wa tume kwa idhini ya tume, fomu iko tovuti ya TDLR. New York unaandikia idara ya elimu.

Kabla ya kuomba hudhuria vikao kadhaa, toa maoni kwenye kanuni moja au mbili, jina lako lionekane kwenye kumbukumbu. Kwenye barua taja hayo, taja jumuiya unayotoka na lugha unazoongea, ambatanisha barua ya mtu mmoja au wawili wanaokujua kwa kazi za kujitolea. Fomu nyingi zinauliza kesi, kodi na biashara zako, jibu ukweli wote kwa sababu zitakaguliwa na wengine wanapita mpaka mbele ya Seneti. Maombi yanakaa kwenye faili, na mjumbe akijiuzulu katikati ya muhula nafasi yake inaweza kujazwa kutoka kwenye majina yaliyopo, kwa hiyo tuma hata kama leo viti vyote vimejaa.